Kutotabirika kwa gharama za matengenezo: maana yake, na nani anaubeba mzigo

Kwenye kiwanda cha kusaga nafaka nilikoanzia kazi kulikuwa na fundi mzee ambaye kipimo chake cha mtetemo kilikuwa bisibisi ndefu. Ncha aliigusisha kwenye kasha la beringi, ile pete ya gololi inayoshika shafti inapozunguka, mpini akaubana sikioni, akafumba macho, nasi vijana tukanyamaza. Siku moja, kwenye mota ya kinu namba mbili, alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida, kisha akasema beringi imeanza kulia. Meneja akauliza anachouliza meneja yeyote: "Mzee wangu, itatugharimu shilingi ngapi?"

"Tukibadilisha leo, bosi, ni elfu sitini na nusu siku ya kazi. Tukingoja ikwame yenyewe, hapo sijui."

Kulikuwa na oda ya unga ya kumaliza, kwa hiyo tulingoja. Siku ya tisa ilikwama. Bili ilipokuja ilikuwa na mistari saba: shafti kuchongwa upya, mota kusukwa upya, mkanda, usafiri wa spea, posho ya fundi umeme wa kukodi, unga tuliolazimika kununua kwa jirani ili mteja asikimbie, na beringi. Beringi ilikuwa mstari mmoja tu, tena ule wa bei ndogo kuliko yote.

Ile "sijui" ya mzee ndiyo wahandisi na wahasibu wanayoiita kutotabirika kwa gharama. Ni umbali uliopo kati ya kiasi ulichoandika kwenye bajeti na kiasi ambacho mtambo utakuja kukutoza. Watu huichanganya na ughali, lakini ni vitu viwili. Jenereta inayokula milioni 20 za matengenezo kila mwaka, haizidi wala haipungui, ni ghali lakini inatabirika. Unaiwekea fungu na kulala. Jenereta inayokula milioni 2 kwa miaka minne mfululizo kisha milioni 40 mwaka wa tano ni rahisi zaidi ukipiga wastani, maana haifiki hata milioni 10 kwa mwaka. Lakini hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mwenye kiwanda aende kukopa kwa riba ya kuumiza, kwa sababu mwaka wa tano haukutangaza ujio wake.

Kuna mpaka mwingine ambao unafaa kuuweka wazi mapema. Mwaka 1921 mchumi wa Marekani, Frank Knight, alitenganisha hatari na kutojua. Ukirusha dado hujui itaangukia namba gani, ila unajua kuna pande sita na kila upande una nafasi sawa. Hiyo ni hatari, inahesabika, na kampuni za bima zinaishi kwayo. Kutojua ni pale usipojua hata dado ina pande ngapi. Kazi ya matengenezo ina vyote viwili. Mota 200 za aina moja zilizofanya kazi miaka 15 na kuandikwa vizuri daftarini ni dado. Mtambo mpya uliofungwa mwaka jana, wa kwanza wa aina yake nchini, hauna dado ya kurusha, na muuzaji anayekuhakikishia kwamba hautakusumbua anakusomea brosha.

Kutotabirika huku kunatoka wapi? Watu wengi hudhani kunatoka kwenye mashine peke yake: lini itaharibika. Hiyo ni sehemu tu. Spea inauzwa kwa dola wakati wewe unapokea shilingi, kwa hiyo bei yake inapanda hata mashine ikiwa imetulia. Spea ileile inaweza kukufikia baada ya siku nne kwa ndege au kukaa wiki sita baharini na bandarini, na kila siku ya kusubiri ina gharama yake. Kadi ya kielektroniki ya mtambo wa mwaka 2005 huenda haitengenezwi tena popote, ikabidi ubadilishe mfumo mzima wa kuongozea kwa sababu ya kadi yenye ukubwa wa kiganja. Halafu kuna jambo linalowakera mafundi kuliko yote: kifaa kinafunguliwa kwa sababu kimezingua, kinapelekwa karakana, kinapimwa, kinakutwa kizima. Saa za watu zimekwenda, usafiri umelipwa, na ugonjwa haujulikani. Kesho kinazingua tena.

Sasa, ukishakubali kwamba namba moja haitoshi, unaandika nini kwenye bajeti? Njia nyepesi ambayo hata kiwanda kidogo kinaweza kuitumia ni kuuliza namba tatu badala ya moja. Muulize fundi: mambo yakienda vizuri kabisa, matengenezo ya pampu hii kwa mwaka ni kiasi gani? Mwaka wa kawaida je? Na yakiharibika kabisa? Tuseme anajibu milioni 1.2, milioni 2 na milioni 10. Wengi wetu tungeandika milioni 2 na kufunga daftari. Fomula ya zamani ya makadirio, iliyopata umaarufu kwenye mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, inazidisha ile ya kati kwa 4, inajumlisha na zile mbili za pembeni, kisha inagawa kwa 6. Hapa ni 1.2 kujumlisha 8 kujumlisha 10, yaani 19.2, ukigawa kwa 6 unapata milioni 3.2. Ile milioni 1.2 ya ziada juu ya makisio ya kawaida ndiyo sauti ya mwaka mbaya, ambao katika hesabu ya namba moja hausikiki kabisa.

Wenye mitambo mingi wanakwenda mbele zaidi. Kompyuta inapewa namba za kila kifaa, kisha inaambiwa irushe dado mara elfu kumi, kila mara ikiunda mwaka mmoja wa kubuni: mwaka ambao pampu imekwama na dola imepanda, mwaka ambao hakuna kilichotokea, mwaka ambao vyote vimeanguka mwezi mmoja. Njia hii ilizaliwa miaka ya 1940 kwa wanasayansi wa Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, na ikapewa jina la Monte Carlo, kutokana na kasino ya Monaco. Jibu lake ni mtawanyiko wa gharama, na meneja anaweza kusema: nataka fungu ambalo litatosha katika miaka 80 kati ya 100. Binafsi naiheshimu, ila nimeona pia inavyotumika kuvisha suti makisio ya hovyo. Ukiilisha kompyuta takataka, itairusha hiyo takataka mara elfu kumi na kukurudishia grafu yenye rangi nzuri.

Upande wa teknolojia ya matengenezo kuna historia ambayo inashangaza kidogo, maana inapingana na tulivyofundishwa gereji. Tulifundishwa kwamba ukiifungua mashine mara nyingi na kuihudumia, ndivyo itakavyodumu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia Conrad Waddington alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioisaidia kamandi ya pwani ya jeshi la anga la Uingereza, iliyokuwa ikiwinda nyambizi za Wajerumani. Ndege zao za Liberator zilikaguliwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Walipopanga hitilafu zote kwa kufuata saa, waligundua kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua taratibu hadi ukaguzi mwingine ulipofika. Ukaguzi wenyewe ulikuwa unaziumiza ndege: nati isiyokazwa sawasawa, bomba lililoguswa, kifaa kilichorudishwa vibaya. Yeyote aliyewahi kuipeleka gari sevisi ikiwa nzima ikarudi na mlio mpya anajua habari hii.

Miaka baadaye, mwaka 1978, Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United walitoa ripoti kwa wizara ya ulinzi ya Marekani kuhusu vifaa vya ndege za abiria. Walikuta kwamba ni asilimia 11 tu ya vifaa vilivyoonyesha dalili ya kuchoka kwa umri. Asilimia 89 havikuwa na umri wa kuzeekea. Na kundi kubwa kuliko yote, asilimia 68, lilikuwa na hitilafu nyingi mwanzoni kabisa, kifaa kikiwa kipya, kisha kutulia. Kwa mtu wa bajeti maana yake ni nzito: kubadilisha kifaa kwa kufuata kalenda mara nyingi ni kulipa ili uingie upya kwenye kipindi chake cha utoto, ambacho ndicho cha hatari. Matengenezo kinga ya kalenda bado yana nafasi yake kwa vitu vinavyolika kweli, kama mikanda, filta, oili, brekpedi. Kwa vingine, kinachofaa ni kuiangalia hali ya mashine na kuigusa pale inapoomba kuguswa.

Hapo ndipo bisibisi ya mzee ilipogeuka kuwa kihisi. Kihisi cha mtetemo kilichogandishwa kwenye kasha la beringi kinasikia mlio ambao sikio halisikii, wiki kadhaa au hata miezi kabla ya moshi. Kamera ya joto inaonyesha kiungio kilicholegea kwenye bodi ya umeme kiking'aa kuliko wenzake. Sampuli ya oili kutoka kwenye gia inapelekwa maabara, na chembe za chuma zilizomo zinasema ni jino au beringi inayosagika. Vyote hivi vinauza kitu kimoja, nacho ni muda: ule muda kati ya dalili ya kwanza na kifo. Beringi itakufa tu, kihisi kiwepo kisiwepo. Ila ukijua wiki tano kabla, spea inakuja kwa meli badala ya ndege, kazi inapangwa Jumapili, na shafti haiguswi. Ile bili ya mistari saba inabaki mistari miwili.

Vihisi navyo vina gharama yake isiyotabirika, na wauzaji hawaigusii. Kuna kengele za uongo, zinazowafanya mafundi waizime kengele kabisa. Kuna betri, kuna ada ya programu ya kila mwaka, kuna kijana aliyefundishwa kusoma zile grafu ambaye ameajiriwa kwingine. Kinu kimoja chenye mota nne hakihitaji mfumo wa namna hiyo; kinahitaji bisibisi, kipimajoto cha kuelekeza, na daftari.

Linabaki swali la mkataba: kutotabirika huku kulale nyumbani kwa nani? Kwa desturi kunalala kwa mwenye mashine. Fundi analipwa kwa kila anachokitengeneza, na kwa maana hiyo mashine ikiharibika zaidi yeye anapata zaidi. Mwaka 1962 kampuni ya Kiingereza ya Bristol Siddeley iliugeuza mpango huu. Kwa injini zake za Viper zilizofungwa kwenye ndege ndogo za biashara za aina ya 125, mteja alilipa kiasi kilichopangwa kwa kila saa injini iliporuka, na kampuni ikabeba matengenezo na spea zote. Rolls-Royce iliinunua Bristol Siddeley mwaka 1966, na baadaye ikaufanya mtindo huo kuwa nguzo ya biashara yake ya injini kubwa. Mteja anapata bei inayojulikana. Mtengenezaji anapata sababu ya kutengeneza kitu kisichoharibika, kwa kuwa kila hitilafu inatoka mfukoni mwake. Ndiyo maana injini hizo zinarusha taarifa za afya yake kwa satelaiti zikiwa angani.

Mpango mzuri, mpaka makisio yanapokosea. Mwaka 2016 shirika la ndege la ANA la Japani lilikuta mapanga ya tabo (turbine) za injini za Rolls-Royce aina ya Trent 1000 kwenye Boeing 787 zake yakiliwa na kutu na kupata nyufa mapema mno. Matatizo mengine ya kudumu kwa vipuri yakafuata, ndege zikaegeshwa nchi mbalimbali, na mwaka 2019 Rolls-Royce ilikadiria kwamba sakata hilo lingeila takriban pauni bilioni 2.4. Mwaka uliofuata dado iliangukia upande ambao hakuna aliyeuchora. Kwa sababu ya korona, saa za kuruka za injini zake kubwa zilishuka hadi asilimia 43 ya zile za 2019. Kampuni iliyolipwa kwa saa ikakosa saa za kulipwa.

Na bei inayojulikana haimaanishi hasara yote imehama. Mwishoni mwa mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney, tatizo lililoyakumba mashirika mengine pia. Hata mtengenezaji akigharamia injini yote, abiria waliokosa safari, ratiba iliyovurugika na ndege inayokaa chini bila kuingiza kitu vinabaki kwa mwenye ndege, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine.

Kwa hiyo ukiletewa mkataba wa huduma wa kompresa, lifti au jenereta, acha kwanza ukurasa wa bei. Tafuta kifungu kinachosema saa ya kusimama inahesabiwa kuanzia lini: ulipopiga simu, au fundi alipofika? Angalia nani analipa kifaa kikifunguliwa na kukutwa kizima, bei itapandishwaje dola ikipanda, na kadi ikiacha kutengenezwa itakuwaje. Angalia pia taarifa za vihisi ni mali ya nani mkataba ukiisha, maana mkandarasi akiondoka na miaka mitano ya kumbukumbu za mtambo wako, anayekuja baada yake atakutoza kama mtu asiyejua dado yako ina pande ngapi.