Mwani Uliokuwa Jiwe: Dhana na Ukweli

Dhana: Mwani ni mlaini. Kilicho kigumu baharini ni jiwe au tumbawe.
Sisi wa Bagamoyo tukisema mwani, tunaona ule wa Mlingotini unaofungwa kwenye kamba, ukavunwa na kuanikwa. Lakini siku za bamvua, maji yakipwa hadi mbali, tazama mawe ya mwamba. Utaona gamba gumu la rangi ya waridi, kama rangi iliyomwagika. Huo nao ni mwani. Kuta za seli zake zimejaa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, ileile iliyomo kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengewa msikiti wa kale wa Kaole.

Dhana: Mwani huu mgumu hauwezi kuishi kwenye barafu.
Jamaa zake wamejaa Aktiki, kule ncha ya kaskazini ya dunia. Mmoja wao, *Clathromorphum compactum*, huongezeka unene chini ya nusu milimita kwa mwaka, na huishi karne kadhaa. Watafiti hukata kipande cha gamba lake, hukisugua mpaka king'ae, kisha hukiweka chini ya darubini. Hapo mistari hujitokeza, mmoja kwa kila mwaka, mfano wa pete za shina la mti. Mwaka ambao barafu imekawia kuyeyuka, mwanga haufiki chini vya kutosha, na mstari hutoka mwembamba. Magnesiamu iliyomo nayo hupanda na kushuka kufuatana na joto na mwanga. Kwa kusoma mistari hiyo, mwaka 2013 ilichapishwa kumbukumbu ya barafu ya bahari yenye urefu wa miaka 646. Kila nikiliwaza hili nastaajabu: gamba lisilo na jicho lilianza kuweka hesabu hiyo kabla Wareno hawajaiona pwani yetu!

Dhana: Kila chokaa inapoundwa, kaboni dioksidi hupungua.
Hapana. Usanisinuru, yaani mwani kujitengenezea chakula kwa mwanga, huinyonya, lakini kuunda chokaa kwenyewe huitoa kiasi ndani ya maji.

Dhana: Baridi ya Aktiki inaulinda mwani huu.
Fungua soda iliyokaa juani, uone gesi inavyotoroka. Ya baridi huishika. Bahari ni vivyo hivyo: maji baridi hubeba kaboni dioksidi nyingi zaidi, asidi huongezeka, na kaboneti ya kujengea gamba hupungua. Tena chokaa ya mwani huu ina magnesiamu nyingi, na ya namna hiyo huyeyuka upesi kuliko nyingine. Ndiyo maana wanaohofia magamba haya wanaanza kuyachunguza Aktiki, kabla ya mwamba wetu.