Uji mwepesi na kumlaza mtoto: je, hushuka salama?

Katika baadhi ya nyumba Unguja na Pemba, mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo hulishwa uji mwepesi akiwa amelazwa mapajani. Huaminiwa kwamba hivyo chakula hushuka chenyewe. Ni fikra ya kueleweka, kwani mtoto mchanga hunyonya akiwa amelala.

Lakini kwa mtoto huyu misuli ya ulimi na koo huchelewa kuitika. Kichwa kikiangukia nyuma, njia ya hewa hubaki wazi, na uji mwepesi hukimbia kabla hajameza. Ukiingia mapafuni huweza kuleta nimonia ya kurudi mara kwa mara.

Mkalishe wima, nyonga na magoti yamekunjwa, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo. Kaa mbele yake, macho yenu yawe sawa. Mpe nusu kijiko cha chai, subiri ameze, ndipo uongeze. Boga lililopondwa laini kwa tui hufaa. Asilazwe kwa dakika 30 baada ya kula.

Kujua kama chakula ni kizito au chepesi, kiinamishe kijiko. Chakula kikichuruzika kama maji ni chepesi mno. Kikinata kisidondoke, kitamkwama kooni. Kisha sikiliza: sauti yenye majimaji au pumzi za haraka ni ishara ya hatari. Msitegemee kikohozi pekee, kwani wapo wanaopaliwa kimyakimya, na hilo ndilo linalotutia hofu zaidi. Mlo ukizidi dakika 30 au uzito wa mtoto usipopanda, mpeleke kituo cha afya, umwombe mhudumu amtazame akila.