Kwa nini sukari ya mjamzito hupanda alfajiri ilhali hajala kitu?

Mama mwenye kisukari cha mimba anakula chakula cha jioni saa 1, kiasi kilekile alichoelekezwa kliniki. Saa 2 baadaye anapima, anapata 6.2 mmol/L, yaani yuko sawa. Analala. Saa 12 asubuhi, tumbo tupu, mashine inasoma 5.9, wakati kiwango cha asubuhi kinatakiwa kuwa chini ya 5.3 (95 mg/dL). Wengi hapo hujilaumu kwamba wamekula vibaya. Si kweli, na lawama hiyo huwapeleka kwenye kosa lenyewe: kuruka chakula cha jioni.

Sukari ya alfajiri haitoki kwenye sahani, inatoka kwenye ini. Usiku kucha ini huachilia sukari liliyoihifadhi na kutengeneza nyingine, ili ubongo na viungo visikose nishati. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayolizuia lisizidishe. Kuelekea alfajiri homoni ya kotisoli hupanda, na ini huongeza kasi. Kwa mtu asiye na mimba, kongosho huongeza insulini kidogo na mambo yakaisha. Kwa mjamzito, kondo la nyuma nalo humwaga homoni zinazoufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini, ili sukari ya kutosha ibaki kwenye damu kwa ajili ya mtoto. Ukaidi huo huongezeka kadiri mimba inavyokua, na ndiyo sababu kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Kongosho likishindwa kufidia, ini hukosa wa kulizuia, na alfajiri ndipo upungufu huo huonekana wazi.

Nambari ndogo kama 5.9 ina uzito kwa sababu sukari ya mama huvuka kondo la nyuma lakini insulini yake haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe kwa wingi, naye hunenepa, hasa mabegani, hata bega likaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Akishatoka, insulini yake bado ni nyingi ilhali sukari ya mama imekatika, hivyo sukari yake huweza kushuka ghafla. Ndiyo maana anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza na apimwe.

Kabla ya kubadilisha chochote, hakikisha nambari ni ya kweli. Kidole kilichoshika tunda kinaweza kupandisha kipimo sana. Osha mikono kwa sabuni na ikauke kabisa, maana maji huchanganyika na damu na kushusha kipimo. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole, usikamue kwa nguvu. Funga kopo la stripu (vijikaratasi vya kupimia) mara tu unapotoa moja, na angalia tarehe ya kuisha. Pima mara uamkapo, ukiwa umekaa bila kula angalau saa 8. Ukichelewa ukaanza shughuli, unapima kitu kingine.

Kisha shughulikia usiku. Kukaa njaa saa 12 au zaidi hakulitulizi ini, na mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa ketoni, yaani mabaki yake yenye tindikali, jambo tusilolitaka katika mimba. Jaribu kitafunio kidogo kabla ya kulala chenye takriban gramu 15 za wanga pamoja na protini: kipande kimoja cha mkate wa unga usiokobolewa na yai la kuchemsha, kwa mfano. Baadhi ya wanawake huwasaidia, wengine hakiwasaidii kabisa, kwa hiyo fanya hivyo siku 3 mfululizo na uandike vipimo. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya chakula cha jioni, kama daktari hajakukataza.

Vipimo vya asubuhi vikiendelea kuzidi 5.3, wajulishe kliniki. Usisubiri tarehe ya miadi. Mara nyingi hapa ndipo insulini ya kuchoma usiku inapohitajika, kwa kuwa hufanya kazi ukiwa umelala, saa zilezile ini linapozidisha. Kuihitaji si kushindwa: chakula hutawala vipimo vya baada ya kula, lakini ini la alfajiri halitawaliwi na chakula peke yake. Ukiwa unatumia insulini, ukitetemeka au kutoka jasho pima. Ikiwa chini ya 3.9, kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15.

Kondo la nyuma likitoka, ukaidi huo hupungua upesi, na wengi huacha insulini papo hapo. Hata hivyo rudi upimwe tena kwa gramu 75 kati ya wiki ya 6 na 12 baada ya kujifungua, kisha kila mwaka 1 hadi 3, kwa sababu hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili inabaki juu.