Pombe Haipikwi, Huchachuka: Dhana Potofu za Anayeanza Kutengeneza Mvinyo na Bia Nyumbani

Lugha yetu husema kwamba pombe hupikwa. Mama wa Marangu anayetengeneza mbege anapika pombe, anayetengeneza komoni anapika pombe, na hata kijana wa mjini anayechachusha maji ya nanasi kwenye dumu chini ya meza ataambiwa na majirani kuwa anapika pombe. Sina nia ya kukifuta kitenzi hicho, kwa kuwa ni cha wazee wetu na kina heshima yake, lakini humpotosha anayeanza, kwa sababu humfanya aamini kuwa ulevi unaletwa na moto, sukari na mkono wa mpishi. Moto hauleti ulevi hata kidogo. Kazi yote hufanywa na hamira, kiumbe hai mwenye seli moja tu, anayekula sukari na kutoa alkoholi na hewa ya ukaa, na anayekufa akitiwa kwenye kioevu kinachokaribia kuchemka.

Mwaka 1856, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, Louis Pasteur aliombwa msaada na mwenye kiwanda cha kutengeneza alkoholi kutokana na viazisukari, ambaye baadhi ya mapipa yake yalikuwa yakiharibika na kuwa machachu bila sababu ya kueleweka. Pasteur aliweka matone chini ya hadubini. Katika mapipa mazima aliona hamira za mviringo, na katika yale yaliyoharibika aliona vijidudu vyembamba mfano wa vijiti. Karibu kila kosa ninaloliona kwa wanaoanza kazi hii linatokana na kusahau kuwa ndani ya dumu mna viumbe, na kwamba si viumbe wote walio upande wetu.

“Ukizidisha sukari, pombe inakuwa kali zaidi”

Dhana hii ina ukweli nusu, ndiyo maana inaishi. Ni kweli kwamba alkoholi hutoka kwenye sukari: takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Maji ya nanasi lililoiva vizuri yana sukari ya asili inayokaribia gramu 120 kwa lita, kwa hiyo yenyewe, bila kuongezewa chochote, yanaweza kutoa kinywaji cha asilimia 7 hivi. Ukiongeza gramu 80 kwa lita unafikia gramu 200, ambazo zikiliwa zote hutoa mvinyo wa asilimia 11 na ushei.

Hapo ndipo anayeanza hutamani kuongeza kilo nyingine. Lakini hamira nayo ina uwezo wake. Sukari ikiwa nyingi mno hufyonza maji kutoka ndani ya seli, kama chumvi inavyokausha samaki, na hamira huzubaa kabla haijaanza kazi. Hata ikianza, alkoholi inayoitoa yenyewe huigeukia na kuilemaza inapofika kiwango fulani, na sukari iliyobaki hukaa humo kama ilivyo. Matokeo ni kinywaji kizito kama sharubati, kitamu hadi kinachosha, ambacho wala si kikali kuliko kile kilichopimwa vizuri. Ninamshauri anayeanza anunue haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kioevu ukilinganishwa na maji. Ikisoma 1.080 siku ya kwanza na 0.998 siku ya mwisho, tofauti hiyo ya 0.082 huzidishwa kwa 131, na jibu ni asilimia 11 kasoro kidogo. Hakuna ulimi unaoweza kufanya hesabu hiyo.

“Hamira ya maandazi haiwezi kutoa mvinyo”

Hamira ya dukani inayoumua maandazi na hamira ya mvinyo ni za spishi ile ile, *Saccharomyces cerevisiae*. Zinatofautiana kwa ukoo tu, kama ng'ombe wa maziwa na ng'ombe wa kulimia. Ile ya maandazi imechaguliwa kwa sababu hutoa hewa nyingi kwa haraka, huacha harufu ya unga, huchelewa kutuama chini ya chombo, na kwa kawaida huchoka mapema kuliko ya mvinyo. Itatoa mvinyo unaonyweka. Anayeweza kupata ya mvinyo atapata kinywaji kisafi zaidi, lakini asiyeipata asiahirishe jaribio lake la kwanza.

Tena, hamira haikuanzia dukani. Mgema anaposhusha kibuyu asubuhi, tembo limekwisha kuanza kuchachuka huko huko juu ya mnazi, kwa hamira zilizotoka hewani na kwenye mabaki ya utomvu wa jana ndani ya kibuyu. Likiachwa wazi hadi kesho yake linaelekea kwenye siki.

“Pombe ya nyumbani hupofusha”

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu watu wamekufa na wengine wamepoteza macho, lakini wanaoirudia huchanganya mambo mawili. Kinachopofusha ni methanoli. Matunda hutoa methanoli kidogo pale pektini yake, ile inayogandisha jemu, inapovunjika, ndiyo maana hata mvinyo wa dukani unayo. Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo limeweka ukomo wa miligramu 400 kwa lita kwa mvinyo mwekundu, na kiasi cha mililita 10 za methanoli kinatosha kumpofusha mtu. Kwa hesabu hiyo, mnywaji angelazimika kumaliza karibu lita 20 za mvinyo uliofikia ukomo huo kwa mkupuo mmoja. Isitoshe, ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida, hushindania kimeng'enya kile kile kinachoigeuza methanoli kuwa sumu mwilini, na hospitali huitumia kuwatibu walionyweshwa methanoli.

Maafa tunayoyasikia, kama yale ya Mei 2014 nchini Kenya ambapo makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, hutokana na methanoli ya viwandani inayomiminwa kwenye pombe na wafanyabiashara ili ionekane kali. Hamira haikuhusika. Kutonesha mvuke ili kupata gongo au chang'aa ni kazi nyingine kabisa, yenye hatari zake za moto na yenye sheria zake, na simshauri mtu yeyote aijaribu jikoni.

Hata hivyo, kuna hatari ambayo wanaohofia methanoli hawaitazami, nayo ni nafaka iliyoharibika. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulienea haraka kwamba mtu ametia nyongo ya mamba, imani ambayo hata kwetu inajulikana. Uchunguzi wa maabara ulipofanyika, ulikuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria *Burkholderia gladioli*, na chanzo chake kilikuwa unga wa mahindi uliolowa kwa mafuriko. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Wapo wanaoamini kwamba unga ulioota ukungu, usiofaa kwa ugali, unafaa kwa pombe kwa kuwa “utachachuka tu hata hivyo”. Ninaomba dhana hiyo ife leo. Nafaka ambayo usingemlisha mtoto wako usiitie kwenye pombe.

“Povu likitulia, funga chupa”

Nilikuwa na chupa sita za mvinyo wa nanasi kwenye kabati la jikoni, zimefungwa vizuri, siku ya tisa tangu nitie hamira, baada ya kuona povu limetulia kwa siku mbili. Usiku nilisikia mshindo kama wa tairi kupasuka. Chupa moja ilikuwa imevunjika kuanzia shingoni, kipande cha kioo kimesimama wima kwenye ubao wa mlango wa kabati, na maji ya nanasi yakichuruzika hadi kwenye gunia la mchele. Laiti mtu angekuwa amesimama pale.

Povu hutulia kwa sababu nyingi: usiku umekuwa wa baridi, hamira imechoka, au mfuniko unavujisha hewa pembeni. Zikibaki gramu 20 tu za sukari katika lita moja, nazo zikaliwa ndani ya chupa iliyozibwa, huzaa takriban lita 5 za hewa ya ukaa kwa kila lita ya kinywaji, na chupa ya kawaida haikutengenezwa kustahimili msukumo huo. Kinachothibitisha kuwa kazi imekwisha ni haidromita kusoma namba ile ile, karibu na 1.000 au chini yake, kwa siku tatu mfululizo. Anayetaka kinywaji chenye gesi aongeze sukari kwa kipimo, gramu 6 au 7 kwa lita na si kijiko cha kukisia, tena baada tu ya mchachuko kumalizika. Kwa mara za mwanzo atumie chupa za plastiki za soda, kwa sababu ataweza kuzibonyeza kwa kidole: ikiwa ngumu kama jiwe, fungua kidogo itoe hewa au iweke kwenye jokofu.

“Chombo kilichooshwa kwa sabuni ni safi”

Sabuni huondoa uchafu unaoonekana, nayo ni hatua ya kwanza tu. Baada yake chombo kinahitaji kuuliwa vijidudu, ama kwa maji yaliyochemka kama ni cha chuma au cha kioo kinachostahimili joto, ama kwa dawa ya vyombo vya vyakula. Wengi hutumia dawa ya klorini ya kufulia. Inaua kweli, lakini isiposuuzwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, mabaki yake huungana na kemikali za tunda na kukipa kinywaji ladha ya plasta ya kidonda ambayo haitoki tena. Dumu la plastiki lililokwaruzwa ndani kwa brashi ngumu au mchanga ni la kuacha, maana bakteria hujificha kwenye mikwaruzo. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shambani halifai kamwe, hata likioshwa mara mia.

Usafi huo hauna maana hewa ikiachwa iingie. Bakteria wa siki huhitaji oksijeni, na nzi wadogo wa matunda ndio wanaowabeba. Toboa mfuniko, pitisha mrija, na uchovye ncha yake ya nje kwenye chupa ya maji. Hewa ya ukaa itatoka kwa matone ya mapovu, na ya nje haitapata njia.

“Joto likizidi, pombe huiva vizuri zaidi”

Huiva haraka, lakini si vizuri. Hamira nyingi za mvinyo hupenda nyuzi 18 hadi 25 za Selsiasi, wakati chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hupita 30 bila taabu. Katika joto hilo hamira huhangaika na kutoa alkoholi nzito zinazochoma koo na kunukia kama rangi ya ukutani. Weka dumu ndani ya beseni la maji, livishe kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zimezama majini, na uliweke penye upepo. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, utapunguza nyuzi chache tu, lakini katika siku tatu za mwanzo hata hizo chache zinahesabika. Zipo pia hamira za kienyeji za Norway, ziitwazo kveik, ambazo hustahimili nyuzi 35 na zaidi bila kuharibu ladha, nami naona zinatufaa sana watu wa pwani.

“Bia ni rahisi kuliko mvinyo”

Kwa anayeanza ni kinyume chake. Tunda lina sukari tayari, nafaka ina wanga, na hamira haiwezi kula wanga. Ndiyo sababu ulezi wa mbege huloweshwa, ukaoteshwa na kuanikwa hadi ukawa kimea: mbegu inapochipua huunda vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na katika bia ya shayiri vimeng'enya hivyo hufanyishwa kazi katika nyuzi 62 hadi 70, kwa saa nzima, kabla hamira haijaguswa. Gome chungu la msesewe kwenye mbege linafanya kazi ya ladha inayofanana na ile ya hopsi, maua machungu yanayotiwa kwenye bia ya Ulaya. Anza na tunda. Anayetaka mvinyo wa matufaha, ambayo hulimwa Lushoto na Njombe, na akaamua kutumia juisi ya boksi, asome kwanza maandishi ya pembeni, maana palipoandikwa sodiamu benzoeti au potasiamu sorbeti hamira haitaota.

“Pombe ya asili haina madhara, haina kemikali”

Ethanoli ya nanasi lako ni ile ile ya kiwandani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliviweka vinywaji vyenye alkoholi kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988, bila kutofautisha cha nyumbani na cha dukani. Pima unachokunywa kwa asilimia ile uliyoipata kwenye haidromita.

“Wiki moja inatosha”

Inatosha kwa mbege, ambayo hunywewa ikiwa bado inachemka kwa uhai wa hamira, na kesho kutwa yake huwa imechacha. Mvinyo wa rozela hauko hivyo. Ukiuonja wiki ya tatu utakuta mkali, unakwaruza ulimi, na harufu ya hamira imefunika ya ua. Uhamishe kwa mrija kwenye chombo kingine ukiyaacha mashapo chini, uufungie gizani, uonje tena mwezi wa nne. Rangi itakuwa imeangaza kama kito, na harufu ya rozela itakuwa imerudi.