Mtego wa Taka Uko Mtoni, Hauko Baharini

Kila masika malalamiko ya plastiki ufukweni huongezeka, na mengi huishia na swali lile lile: kwa nini usinunuliwe mtambo wa kusafisha bahari? Swali lina nia njema, ila limeshika mkia.

Plastiki ikishatawanyika baharini, jua na mawimbi huimega hadi chembe zisizofika milimita 5. Wavu wa kuzichuja hizo utachuja na mayai ya samaki. Ndiyo maana mitambo hutegwa mto unapoingia baharini. Kule Baltimore, Marekani, tangu Mei 2014 gurudumu linalosukumwa na mkondo wa mto, likisaidiwa na umeme wa jua, huendesha mkanda unaopakia taka kwenye kontena. Mto kama Msimbazi wa Dar es Salaam, unaojaa ghafla na kushusha hadi magodoro, unahitaji kwanza kizuizi cha maboya na wavu.

Kizuizi hushika kinachoelea. Chupa ya maji iliyofungwa kifuniko itafika kwenye boya. Isiyo na kifuniko hujaa maji, huzama na kupita chini, kwani plastiki yake ni nzito kuliko maji. Kwa hiyo ule usemi wa "tupa tu, mtego utaokota" tuuache. Na kamba za maboya si za kufungia mitumbwi. Hili tumelisema mara nyingi.

Kuhusu adhabu za mifuko ya plastiki, chini ya kanuni za Tanzania zilizoanza 1 Juni 2019: kukutwa na mfuko wa plastiki wa kubebea ni faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Kuuza ni shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote. Mtengenezaji na mwingizaji huanzia shilingi milioni 20. Kifungashio cha karanga ni kifungashio, si mfuko wa kubebea. Ukikitilia nyanya sokoni ili ubebee, kimegeuka kibebeo, na kumwambia mkaguzi "hii siyo rambo" hakutakusaidia.

Kizuizi kikijaa kiopolewe mapema, la sivyo uzito wa taka hukata kamba na mzigo wote hushuka baharini kwa mkupuo. Ukikiona kimejaa, toa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa. Usishuke kuopoa mwenyewe, hata maji yakionekana ya magotini.