Fuata jambo moja, uache mengine yapite

Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu za Dar es Salaam hulia mfululizo. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imetoa bei kikomo za mafuta. Abiria wa mwendokasi aliyepandia Kimara akifika Kivukoni ameshatumiwa tangazo hilo mara kadhaa, na huenda moja ni la mwezi uliopita. Anashuka na hasira zake, lakini kujua hajui zaidi ya alipopanda.

Sisi wakutubi huulizwa sana: nifuate akaunti zipi? Mimi huuliza kwanza mtu anataka kujua nini, maana anayefuata kila kitu huishia kumaliza bando tu.

Tushike hayohayo mafuta, kwa miezi mitatu. Achana na picha iliyokatwa ya WhatsApp, fungua tangazo lenyewe. Utakuta bei za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hutofautiana, na utasoma habari za soko la dunia, gharama za kuagiza na thamani ya shilingi kwa dola. Hapo ndipo unapojua wa kumfuata: Benki Kuu kwa habari za shilingi, mwandishi wa biashara mwenye desturi ya kuirudia habari yake mwezi unaofuata (hawa ni wachache, ukimpata mshike), na mtu mmoja anayebishana na maelezo ya serikali kwa hesabu. Matusi hayahesabiwi kuwa hoja.

Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari, na kufikia Juni serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Aliyekuwa akilifuatilia jambo hilo tangu mwanzo aliweza kumweleza bodaboda wa Mbagala kwa nini vita vya mbali vimemfikia kijiweni. Aliyeperuzi tu alibaki kulaumu kituo cha mafuta.

Mtandao nao una tabia yake: ukikawia kwenye ugomvi wa wasanii, kesho utaletewa ugomvi mwingine. Nyamazisha makundi yanayopiga kelele. Kisha nunua daftari, ndiyo, la karatasi. Andika tarehe, bei na sababu iliyotolewa. Miezi hiyo mitatu ikiisha, jaribu kubashiri bei mpya siku ya Jumanne, kabla tangazo halijatoka.