Je, wajua kwa nini mtungi mdogo wa akiba huweza kumwishia mpiga mbizi kabla ya dakika moja?

Mpiga mbizi hubeba mgongoni hewa iliyoshindiliwa, mara nyingi katika mtungi wa lita 10 au 12, na wengine huongeza mtungi mdogo wa akiba ambao kazi yake ni moja tu: kumfikisha juu salama iwapo mtungi mkubwa utaishiwa hewa au kifaa chake cha kupumulia kitaharibika. Mitungi hiyo ya akiba huanzia ile ya takriban nusu lita, inayoshikika kwa mkono mmoja, hadi ile ya lita 3 na kuendelea. Wengi huvutiwa na ile midogo kwa sababu ni myepesi na haisumbui safarini, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kina ambacho mhusika anakusudia kufika.

Juu ya maji, shinikizo la hewa ni takriban baa 1 (baa ni kipimo cha shinikizo), na kila mita 10 za maji huongeza takriban baa 1 nyingine. Katika kina cha mita 30, basi, mpiga mbizi yumo ndani ya shinikizo la baa 4, na kifaa cha kupumulia, yaani regyuleta, hulazimika kumpa hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka, kwani bila hivyo asingeweza kuvuta pumzi. Ndiyo maana pumzi moja huko chini huchota mtungini hewa mara nne ya ile ambayo pumzi hiyohiyo ingechota juu ya maji.

Jambo la pili ni hofu. Mtu mzima aliyetulia majini hutumia kiasi cha lita 15 hadi 20 za hewa kwa dakika, kwa kipimo cha juu ya maji. Lakini yule ambaye hewa yake imekatika ghafla hahemi kwa utulivu, na ni busara kumhesabia lita 30 au hata zaidi. Sasa tuutazame mtungi wa nusu lita uliojazwa hadi baa 200: una lita 100 za hewa kwa kipimo cha juu ya maji, yaani nusu lita mara 200. Katika mita 30, mtu aliyeshtuka anahitaji lita 30 mara 4, yaani lita 120 kwa dakika, na kwa kiwango hicho mtungi wote utakwisha ndani ya sekunde 50 hivi. Kupanda kutoka kina hicho kwa kasi ya mita 9 kwa dakika, ambayo hufundishwa ili kupunguza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo (viputo vya naitrojeni kutokea mwilini mtu akipanda upesi), huchukua zaidi ya dakika tatu.

Hesabu kamili ya mita 30 huenda hivi. Dakika ya kwanza hupotea chini, mtu akitambua tatizo na kubadilisha kipumulio: lita 120. Kupanda hadi mita 5 huchukua karibu dakika tatu, na kwa kuwa shinikizo la wastani njiani ni baa 2.75, zinahitajika takriban lita 250. Kusimama dakika tatu katika mita 5, ili mwili uendelee kutoa naitrojeni, hutumia lita 135, na mita za mwisho hutumia kama lita 40. Jumla ni takriban lita 545. Mtungi wa lita 3 wenye baa 200 una lita 600, hivyo unatosha, ingawa ziada yake si kubwa. Ule wa lita 2, wenye lita 400, huenda ukamfikisha juu kwa shida, na iwapo tu hatasimama njiani. Kwa maoni yangu, anayezoea kufika mita 30 asikubali pungufu ya lita 3. Ule wa nusu lita una nafasi yake kwa wasiozidi mita 10 hivi, na si haki kuuuza kana kwamba unamfaa kila mtu.

Kila mpiga mbizi anaweza kupata tarakimu yake mwenyewe. Akiogelea kwa dakika 10 katika kina cha mita 10 na geji ya mtungi wake wa lita 12, yaani kipimo cha shinikizo la hewa iliyobaki, ikashuka kwa baa 30, ametumia lita 360. Akigawanya kwa dakika 10, kisha kwa baa 2 za kina hicho, anapata lita 18 kwa dakika. Tarakimu hiyo ni ya mtu mtulivu, na kwa ajili ya dharura ningeizidisha mara mbili.

Mtungi wa akiba lazima uwe na regyuleta yake kamili pamoja na geji yake, kwa sababu kipumulio cha ziada kilichounganishwa na mtungi mkubwa hakisaidii chochote mtungi huo ukiwa mtupu. Hapa huingia hatari ambayo wanunuzi wapya hawaifikirii: vipumulio vikifanana, mtu anaweza kuruka majini akiwa na kile cha akiba mdomoni, akashuka akitazama geji ya mtungi mkubwa isiyosogea, na kuumaliza mtungi wa akiba bila kujua. Kipumulio cha akiba na kiwe cha rangi tofauti, kifungwe mahali pamoja daima, kifuani kwa mfano, na mkono uzoeshwe kukifikia macho yakiwa yamefumbwa. Mtungi ukining'inizwa ubavuni badala ya kufungwa mgongoni, mwenyewe huiona geji na koki, na anaweza kumkabidhi mwenzake mtungi mzima. Hewa iliyomo isihesabiwe kamwe katika mpango wa mbizi, hata ikiwa mtungi umerudi juu ukiwa umejaa mara zote.